Vifo viwili ndani ya kisima cha shamba: je, ukweli bado unaweza kupatikana?

Swali: Shikamoo daktari. Ninaishi Sengerema. Miezi miwili iliyopita mdogo wangu, aliyekuwa kibarua katika shamba la nyanya na vitunguu kilomita chache kutoka ziwani, alishuka kisimani kuangalia pampu ya petroli iliyokuwa imezimika yenyewe, akaangukia kwenye maji. Mwenzake alimfuata ili amwokoe, naye akaanguka. Kijana wa tatu alishuka nusu, akashikwa na kizunguzungu, akapanda. Mdogo wangu alitolewa ameshakufa, ana povu mdomoni. Mwenzake alitolewa bado anapumua, akakimbizwa hospitali Mwanza, akafariki usiku uleule, ingawa tuliambiwa kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 98. Tajiri wao anasema walikufa maji, lakini maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Jana yake walikuwa wamepulizia dawa, kwa hiyo wengine wanasema ni sumu ya dawa, na wapo wanaomtaja jirani kwa ushirikina. Tulizika kesho yake bila mwili kupasuliwa. Waliomwosha wanasema kucha na midomo vilikuwa vyekundu. Je, ukweli bado unaweza kujulikana? Tajiri ameanza kusema atakifukia kisima.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa msiba huu, ninyi pamoja na familia ya kijana aliyekufa akimwokoa mwenzake.

Ukweli bado unaweza kupatikana, na sehemu yake kubwa haimo kaburini. Imo ndani ya kisima hicho, katika pampu iliyokuwamo, na katika kumbukumbu za watu watatu au wanne waliokuwapo. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza kabisa ni kuzuia kisima kisifukiwe na pampu isiuzwe wala kufanyiwa matengenezo kabla haijakaguliwa. Nendeni kituo cha polisi cha wilaya na katika ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, mkiwa na barua yenye tarehe, inayoeleza kwamba watu wawili walikufa wakiwa kazini na kwamba eneo la tukio linakaribia kuharibiwa. Mbakie na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Maoni yangu kuhusu chanzo, kwa kadiri ya ulichoandika na bila kuuona mwili wala shamba, ni kwamba dhana yenye nguvu kuliko zote ni hewa yenye sumu iliyotokana na moshi wa pampu, yaani gesi ya kaboni monoksaidi, pengine pamoja na upungufu wa oksijeni. Nitaeleza kwa nini ninafikiri hivyo, kisha nitasema ni kipi kinachoweza kulithibitisha au kulipinga.

Anza na hiyo kauli ya tajiri, kwamba walikufa maji. Inawezekana kabisa kwamba mdogo wako alivuta maji mapafuni, na daktari ambaye angempasua angeyakuta. Lakini kazi ya mchunguzi wa vifo haiishii kwenye kilichomaliza uhai. Anatakiwa kueleza mlolongo mzima uliomfikisha mtu hapo. Kijana mwenye nguvu, katika maji yanayomfika kiunoni, husimama. Asiposimama, ni lazima tuulize ni nini kilichomwangusha na kumnyima fahamu kabla ya maji kufanya kazi yake. Majibu yanayowezekana ni machache: pigo la kichwa wakati wa kuanguka, umeme, ugonjwa wa ghafla, sumu, au hewa. Umeme tunauweka kando kwa sababu pampu ilikuwa ya petroli, ingawa mkaguzi bado atahakikisha hakuna waya uliopita karibu. Pigo la kichwa au kifafa linaweza kumpata mtu mmoja. Watu wawili kuanguka mmoja baada ya mwingine mahali palepale, na wa tatu kupata kizunguzungu akiwa nusu ya njia, ni jambo linaloelekeza kwenye kitu kimoja walichokishiriki wote watatu, na kitu hicho ni hewa waliyoivuta.

Sasa tuulize pampu ilifikaje chini. Wengi hulaumu uzembe, lakini kuna sababu ya kimaumbile ambayo kila mkulima wa umwagiliaji anaijua kwa vitendo. Pampu ya juu ya ardhi hunyonya hewa kutoka kwenye bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, uzito huo unaweza kuyapandisha maji mita 10 na kidogo. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku kwetu kikomo hicho hushuka hadi mita 9 hivi, na kwa pampu ndogo zenye viungo vinavyovujisha hewa kidogo, mita 6 au 7 ndizo zinazowezekana. Kiangazi maji ya kisima yanaposhuka chini ya hapo, pampu hunguruma bila kutoa maji. Mkulima anayeona nyanya zake zinanyauka hupanga mbao ndani ya kisima, akaiteremsha pampu mita kadhaa chini, akaifunga kwa kamba au waya, kisha akaiwasha. Maji yanatoka, na moshi wa ekzosi unabaki mle mle ndani.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ndiyo gesi ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Harufu ya moshi ambayo mtu huisikia hutokana na vitu vingine, hivyo moshi unaweza kuwa umeshatulia na kuonekana umekwisha huku gesi bado imejaa. Injini ndogo za petroli huitoa kwa wingi, na kisima hakina upepo wa kuiondoa. Ikishaingia mapafuni hung'ang'ania hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni katika damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi, na damu ikabaki inazunguka mwilini bila kubeba kinachohitajika. Hewa yenye gesi hii kwa asilimia 1 tu huweza kumwangusha mtu ndani ya dakika chache. Wakati huohuo injini yenyewe inakula oksijeni ya kisima. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21; ikishuka chini ya 10, mtu huzimia bila kupata nafasi ya kujitambua kwamba yuko hatarini.

Hapo ndipo maneno yako kwamba pampu “ilizimika yenyewe” yanapokuwa na uzito mkubwa kuliko unavyoweza kudhani. Injini huzima kwa kukosa petroli, kwa hitilafu, au kwa kukosa hewa safi ya kuunguza mafuta. Mkaguzi anayeijua kazi yake angefungua kwanza kifuniko cha tangi na kutazama kama petroli ilikuwamo. Angetazama swichi imekaa upande gani, kwa sababu mtu anapoizima kwa mkono swichi hubaki mahali pa kuzimia, na injini inapojifia swichi hubaki imewashwa. Angetazama plagi ya injini, ile inayotoa cheche za kuwashia petroli, kama imejaa masizi meusi, jambo linaloonyesha kwamba mafuta yalikuwa yakiungua bila hewa ya kutosha. Petroli ikiwamo tangini, swichi ikiwa imewashwa na plagi ikiwa na masizi, maana yake ni kwamba huenda mashine ilikosa hewa kabla ya mdogo wako kushuka katika hewa ileile. Ulizeni aliyeitoa pampu aliiona vipi, na aulizwe akiwa peke yake, maana watu wakikaa pamoja na kusimuliana, kumbukumbu zao huishia kufanana.

Wekundu wa kucha na midomo ni dalili ya pili. Damu iliyoshika kaboni monoksaidi huwa nyekundu ya kung'aa, na kwa ngozi yetu nyeusi haionekani kirahisi mgongoni au kifuani, bali kwenye kucha, midomo, ufizi, viganja, na ndani ya kope. Waliomwosha waliona mahali panapofaa kuangaliwa, na maelezo yao yaandikwe kwa majina na tarehe. Hata hivyo, nisingependa uichukue dalili hii kama hukumu. Mwili uliokaa kwenye maji baridi au kwenye jokofu la maiti unaweza kuwa mwekundu pia, na sumu ya sianidi inaweza kuleta hali inayofanana nayo. Kwa hiyo mnatakiwa kueleza kama wekundu ulionekana papo hapo alipotolewa, au baada ya mwili kulala mochwari.

Povu mdomoni ndilo lililowapeleka watu kwenye sumu ya dawa. Ninawaelewa, kwa sababu katika maeneo ya pamba na mboga ya kanda hii watu wameshawaona waliokunywa dawa. Lakini povu hutokea pia kwa aliyezama na kwa aliyevuta gesi, kwa kuwa katika hali zote hizo maji hujaa mapafuni na kuchanganyika na hewa. Dawa nyingi za kuulia wadudu, kama zile zenye profenofosi au klopairifosi, ni za kundi la oganofosfati. Hizo huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, hivyo mtu hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hujikojolea, huharisha, mboni za macho husinyaa na kuwa ndogo kama nukta, misuli humchezacheza, kifua humbana. Anayeathirika kwa dawa iliyopenya ngozini wakati wa kupulizia huanza kuugua baada ya saa kadhaa, na kwa kawaida wenzake humwona. Je, asubuhi ile mdogo wako alilalamika kichwa, kuona ukungu, kutapika? Alikula? Alifanya kazi kama kawaida kabla ya kushuka? Kama alikuwa mzima mpaka anashika kamba ya kushukia, dhana ya dawa inadhoofika sana, na haielezi kabisa kwa nini mwokoaji wake naye alianguka pale pale. Pamoja na hayo, chupa au pakiti ya dawa iliyotumika na nguo alizovaa zisitupwe. Nguo zikaushwe kivulini na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwani nguo mbichi huoza ndani ya nailoni. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na vielelezo hufika huko kupitia polisi, si kwa mkono wa ndugu, ili pasiwe na shaka kuhusu nani alivigusa.

Kuhusu asilimia 98 iliyosomwa hospitalini, hapa lazima nieleze kwa uangalifu ili wahudumu wale wasilaumiwe bila haki na ushahidi usitupwe. Kile kibanio cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye damu na kukisia ni kiasi gani cha hemoglobini kimebeba oksijeni. Hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi hupitisha mwanga kwa namna inayofanana na ile iliyobeba oksijeni, na vifaa vya kawaida haviwezi kuzitofautisha. Matokeo yake ni namba nzuri kwa mtu anayekufa kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo 98 ile haipingi dhana ya gesi. Ikisomwa kwa mtu asiye na fahamu aliyetolewa kisimani penye injini, ni sababu ya kuifikiria zaidi. Kipimo kinachotakiwa ni cha damu, kinachopima kiwango cha hemoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo. Kwa asiyevuta sigara kiwango huwa chini ya asilimia 3 hivi, kwa mvutaji kinaweza kukaribia 10, na kwa waliokufa kwa gesi mara nyingi huzidi 50. Familia ya yule kijana wa pili iombe, kupitia polisi, jalada lake la hospitali na iulize kama damu yake ilichukuliwa na ni saa ngapi. Saa ni muhimu sana, kwa sababu mtu akipumua hewa ya kawaida kiwango hupungua nusu kila baada ya saa nne mpaka sita, na akiwekewa oksijeni safi hupungua nusu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Damu iliyochukuliwa usiku baada ya oksijeni ya saa nyingi inaweza kuonyesha kiwango kidogo, na kidogo hicho hakimaanishi kwamba kisimani hapakuwa na gesi.

Kisima chenyewe kinaweza kupimwa hata leo. Wakaguzi huirudisha pampu ileile mahali palepale, huiwasha kutoka juu bila mtu yeyote kushuka, kisha huteremsha kwa kamba kifaa cha kupima gesi, wakisoma oksijeni, kaboni monoksaidi, na haidrojeni salfaidi (gesi yenye sumu itokanayo na vitu vinavyooza) katika kina tofauti na baada ya dakika tofauti. Kabla ya kuiwasha hupima kisima kikiwa kimetulia, kwa sababu vipo visima ambavyo hewa yake ni mbaya hata bila injini, kutokana na kuoza kwa majani au hewa ukaa inayotoka ardhini, na upungufu wa oksijeni wa aina hiyo hauachi alama yoyote mwilini ambayo upasuaji ungeiona. Alama za mbao zilizoungua karibu na ekzosi, madoa ya oili na urefu wa kamba vitaonyesha pampu ilikaa kina gani. Haya yote yatapotea siku kisima kitakapojazwa udongo. Ninawasihi pia mtu yeyote asijaribu kupima kwa kuteremsha koroboi au mshumaa. Moto huo hauwezi kutambua kaboni monoksaidi, kwani utaendelea kuwaka vizuri katika hewa inayoua, na kama kuna mvuke wa petroli kisima kinaweza kulipuka.

Mtauliza kuhusu kufukua kaburi. Kisheria inawezekana, kwa amri ya mamlaka husika chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na gesi hii imewahi kugundulika katika miili iliyofukuliwa kwa kuwa haiondoki mwilini haraka baada ya kifo. Lakini baada ya miezi miwili katika udongo wa joto la huku, damu huwa imeharibika na matokeo huwa magumu kuyatafsiri. Kiwango kikubwa kingesaidia, ila kukosekana kwake kusingethibitisha lolote. Mimi nisingeanza na kaburi. Ningeanza na kisima, pampu, mashahidi na jalada la hospitali, na ningeliachia kaburi nafasi ya mwisho, pale mahakama itakapoona hayo mengine hayatoshi. Familia isione aibu kwamba ilizika haraka. Ndivyo tunavyowastiri wapendwa wetu, na aliyepaswa kusimamisha mazishi hayo kwa ajili ya uchunguzi ni ofisa, si mfiwa.

Lipo la jirani anayetajwa. Naomba familia yenu ilisimamishe neno hilo leo. Mkoani kwetu watu wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, hasa wanawake wazee, na katika tukio lenu hakuna kitu ambacho moshi wa injini hauwezi kukieleza. Hata kile kinachowashangaza watu zaidi, kwamba kisima “kiliwavuta” wawili kwa zamu, kinajulikana duniani kote. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hii walikuwa watu waliojaribu kuokoa wenzao. Kijana yule wa pili alifanya ambacho mtu mwenye utu hufanya anapomwona mwenzake anazama, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba hewa ile ingemwangusha naye.

Kuhusu haki zenu, neno “kibarua” lisiwakatishe tamaa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kifo kinachotokea kazini, na shamba ni mahali pa kazi. Wategemezi wa marehemu, yaani mjane, watoto na wengine aliokuwa akiwalea, wanaweza kuwasilisha madai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na madai hayo yana ukomo wa miezi 12, kwa hiyo msisubiri uchunguzi wa polisi umalizike ndipo muanze. Kusanyeni ushahidi wa ajira hata kama hakukuwa na mkataba: ujumbe wa malipo kwenye simu, daftari la mahudhurio, majina ya vibarua wenzake, picha za shambani. Cheti cha kifo kikiandikwa kuzama peke yake hakiwazuii kudai, kwa sababu alizama akiwa anaihudumia mashine ya mwajiri.

Mwisho ni kijana wa tatu, aliyeshuka nusu na kupanda na kizunguzungu. Sijaona popote katika barua yako kwamba alipelekwa hospitali. Waliovuta kaboni monoksaidi wakapona wanaweza, baada ya siku kadhaa au hata wiki kadhaa, kuanza kusahausahau, kubadilika tabia, kutembea kwa kuyumba au kushindwa kuzuia mkojo, na ndugu wakadhani ni majonzi tu. Apelekwe kwa daktari wiki hii, aeleze kwamba alivuta hewa ya kisima chenye injini, achunguzwe mfumo wa neva, na maelezo yake yaandikwe kwenye jalada kwa tarehe ya tukio, saa aliyoshuka, na kina alichofika kabla ya kizunguzungu kumshika.